Wimbo wa Tano Haukuwa na Maneno

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Thornton Heath, kusini ya London, nikaenda kwa shingo upande na nikarudi na kichefuchefu. Ukumbi ulikuwa wa skuli, umetundikwa maputo ya rangi ya dhahabu, na biriani lililetwa ndani ya ndoo za plastiki ambazo kabla ya hapo zilikuwa za rangi ya ukuta. Najua kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama ndoo, na karatasi ya kiwanda ilikuwa imebanduliwa nusu tu. Nilikuwa nimeketi na sahani mapajani, natafuta wali ambao haukugusa plastiki, pale kijana wa muziki alipoweka wimbo wa bendi moja ya zamani ya rock ya Kilatini, wale wenye ngoma za matumba na gitaa linalovuta sauti mpaka unasahau kupumua. Wimbo ule hauna maneno. Bendi iliurekodi studio bila mwimbaji, na ndivyo ulivyo kwenye santuri yao mpaka leo. Lakini meza ya mabibi iliyokuwa mbele yangu ilianza kuuimba kwa Kiswahili, vichwa vinayumba, makofi yanapigwa, na kila mmoja anayajua maneno kama anavyolijua jina lake. Mjukuu wa mmoja wao, msichana aliyezaliwa hapa hapa, akauliza, "Bibi, did they steal it from us?" Bibi yake akamjibu huku anatafuna, "Ndiyo, mjukuu wangu. Hawa kitu gani hawajatuibia?"

Niliiweka sahani chini ya kiti na sikuigusa tena. Wawili kati ya mabibi wale walikuwepo siku maneno yale yalipoimbwa kwa mara ya kwanza. Wanajua yalimlenga nani, na wanajua siku ile alikuwa amesimama wapi. Walikuwa wanaimba na mdomo umejaa nyama. Nimekaa na kinyaa kile tangu siku hiyo, na kwa kuwa hakitoki kwa maji wala kwa sabuni, nakiandika.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Habari za nilikotoka na za wazee wangu nimeshazieleza mahali pengine, na asiyezisoma hakukosa kitu. Mimi na rafiki yangu Zuhura tulikuwa tumepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Walthamstow, mtaa wa nyuma ya soko la barabarani. Mwenye nyumba alikuwa Muhindi wa Kisumu ambaye alizungumza Kiswahili kizuri alipokuja kutaka kodi, na Kiingereza peke yake alipoulizwa juu ya unyevu. Zulia la chumba lilikuwa limelowana na kukauka mara nyingi mpaka likawa na harufu ya mbwa, na mbwa hatukuwa naye. Bafuni ukungu mweusi ulipanda ukutani, tukiusugua leo, kesho umerudi. Chumba cha chini alikaa Shaame, mtu wa Pemba, mpiga kinanda wa kikundi cha taarab kilichokuwa kikipiga kwenye harusi zetu zote, kuanzia Kilburn mpaka mwisho wa London. Shaame alikuwa na tabia ya kuanika soksi zake juu ya hita ya ukumbini. Zilikuwa zinaiva pale polepole kama mkate, na sisi tunapita kando yake tukiwa tumebana pua. Mimi nilikuwa na kijiko changu, na nilikiweka kwenye mkoba, kwa sababu vijiko vya jikoni sikuviamini.

Zuhura hakuwa hivyo. Zuhura hakuwa na kinyaa na kitu chochote alichokiumba Mungu, na riziki yake aliipata humo. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mabasi mawili kutoka kwetu. Aliwaosha, aliwabadilisha, aliwalisha, aliwakata kucha za miguu ambazo alisema nyingine zilikuwa ngumu kama pembe. Jioni akirudi tunapika, tunaketi chini na sinia letu moja, na yeye anaanza. "Leo shoga, bibi wa chumba cha dirishani kanifanyia haja mapajani. Halafu kanishika shavu, kaniambia thank you, darling." Mimi naweka tonge chini. Yeye anacheka, anaendelea kula. "Wewe utakufa njaa siku moja na chakula kipo mbele yako."

Ninamwandika hivi ili ijulikane: hakuificha kazi ile. Wanawake wengi tuliowajua waliifanya, tena wengine walikuwa shift moja naye, lakini ukiwauliza watakwambia niko hospitali, niko ofisini, niko na watu wa council. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja kavaa koti zito ndani ya basi mwezi wa Julai, jasho linamtiririka shingoni, ili uniform yake isionekane na sisi tuliopanda kituo kimoja naye. Huko nyumbani watu wale walikuwa na watu wa kuwapikia na kuwafulia, na walipofika hapa, wakageuka wao kuwa watu wa kufua. Hilo nalielewa. Ninachoshindwa kukielewa ni kwamba, badala ya kuichukia hali yao, walimchukia aliyeisema kwa sauti.

Santuri tuliipata sokoni siku ya Jumamosi, kwenye meza ya vitu vya mitumba, katikati ya vikombe vilivyomeguka. Ilikuwa CD, lakini Zuhura alisema santuri, kama tulivyozoea kwetu. Aliichagua kwa sababu ya picha ya matumba. Jalada lilikuwa linanata, mtu alilishika na mikono yenye jemu au na kitu kibaya kuliko jemu, na mimi sikukubali iingie chumbani mpaka nilipoifuta kwa dawa ya kusafishia choo. Tulipoiweka nilikuwa bado nimekunja uso. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kispanishi, wa pili Kiingereza, na zote niliona ni kelele za wanaume wenye nywele nyingi. Ukafika wa tano. Ngoma zilianza peke yake, tumba kubwa na ndogo zinajibizana, juu yake vigoma vya bati vinavyopigwa kwa vijiti, kisha kinanda kikaingia chini kabisa, halafu gitaa likashika noti moja na halikuiachia. Zuhura alikuwa amesimama na taulo kichwani. "Sikiliza," akaniambia, "hawa wanapiga kama watu wetu, ila hawana haraka ya kuimba." Tuliurudia mpaka Shaame akagonga dari kwa fagio.

Tangu siku ile wimbo wa tano ukawa wake. Aliurekodi kwenye kaseti akaenda nao kazini, akaweka kiredio kidogo bafuni, mbali na maji, na akawa anawaosha wazee kwa wimbo ule. Alinieleza kwamba mtu mzima anaona haya kuvuliwa nguo na msichana asiyemjua, na wengine wanapiga, wanauma, lakini ngoma zikianza miili inalegea. Bwana mmoja ambaye hakuwa anasema neno alianza kupiga vidole ukingoni mwa beseni, na kwa mapigo sahihi. Manager alikuja kulalamika juu ya kelele, akamwona yule bwana, akarudi alikotoka. Nilipokuwa nasikiliza habari hizo nilikuwa naona kinyaa na wivu pamoja, kwa sababu mimi nilikuwa nauza vitambaa dukani na hakuna mtu aliyelegea kwa ajili yangu.

Mwaka huo Zuhura alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake alikuwa Nassor, kijana mrefu, msafi, mwenye kunukia uturi mzuri, anafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja mjini. Zuhura alimpenda waziwazi. Hakutaka kitu kingine mwaka ule ila kuolewa naye na kuondoka kwenye zulia lile. Kilichobaki kilikuwa mama yake Nassor, Bi Rahma wa Thornton Heath, mjane aliyejulikana kwa dhahabu zake na kwa kujua ukoo wa kila mtu mpaka babu wa sita. Siku moja ya Jumapili Bi Rahma alikuja kumtazama mkwe. Zuhura alipika tangu asubuhi: sambusa, kachori, visheti, chai ya maziwa iliyochemka na iliki. Bi Rahma alikaa ukingoni mwa kitanda, pochi mapajani, akala vizuri, akasifu, akaongeza. Kisha akauliza, "Na kazi mwanangu, unafanya wapi?"

Nilimtazama Zuhura ili aseme hospitali. Akasema, "Nawatunza wazee, mama. Nawaosha, nawalisha."

"Wazee wa Kizungu?"

"Wa kila aina. Wapo wa Kizungu, wapo wa Jamaica, yupo na Muhindi mmoja."

"Wanaume pia?"

"Na wanaume pia, mama. Wameshakuwa watoto."

Bi Rahma aliishusha sambusa iliyokuwa imebaki nusu, akaifunika kwa karatasi. Akaomba aoneshwe bafuni, na mimi niliyempeleka nilisimama nje ya mlango nikamsikia anasukutua. Alisukutua, akatema, akasukutua tena, mdomo ule uliokuwa umeshakula. Sikumwambia Zuhura. Bi Rahma ameshafariki, Mungu amsamehe. Mimi bado sijamsamehe.

Msomaji asiyejua taarab yetu lazima nimweleze jambo moja. Kwenye taarab ya wanawake, wimbo unaweza kununuliwa. Mwenye jambo lake na mtu anakwenda kwa kikundi, anawapa habari, wao wanatunga maneno, na siku ya harusi yanaimbwa mbele ya huyo anayepashwa. Majina hayatajwi. Wimbo ukianza, mwenye kuununua anasimama, anakwenda mbele kwa madaha na noti mkononi, anamtunza mwimbaji, na hapo ukumbi mzima unajua haya ni maneno yake na anamtazama nani. Mtu mwenye akili hasimami kabla hajasikia maneno. Ukisimama umesema wimbo huu ni wangu, na pengine umesema wimbo huu ni mimi. Wote tuliyajua hayo tangu tukiwa wadogo, na Zuhura aliyajua kuliko mimi.

Bi Rahma aliununua wimbo wake kwa Shaame. Tulichokijua sisi wakati ule ni kwamba chini ya sakafu yetu kinanda kilianza kuutafuta wimbo wa tano. Shaame alikuwa ameusikia kupitia dari muda mrefu, akaupenda, kwa sababu haukuwa na mwimbaji wa kupingana naye. Zuhura alifurahi mno. Alishuka ngazi na CD mkononi, akasimama mlangoni kwa Shaame, akamwambia pale unakosea, kinanda kinashuka hivi, chukua usikilize mwenyewe. Nilimwuliza Shaame kama si wizi. "Tune haina mwenyewe, dada," akasema. "Wazee wetu walichukua kwenye filamu za Kihindi, wakachukua rumba kwenye santuri za Cuba. Na hao wa Cuba ngoma zao walizitoa wapi?" Hilo silipingi. Lakini maneno alikuwa ameshayatunga, yapo kichwani mwake, na jioni ile ile Zuhura alimletea sahani ya wali na samaki wa kukaanga, naye akala mpaka akalamba vidole, akarudisha sahani na kusema ahsante dada Zuhura. Kwa miaka mingi nimejaribu kufikiri jambo chafu zaidi nililoliona katika nyumba ile iliyojaa uchafu, na kila mara narudi kwenye vidole vile.

Harusi ilikuwa ya mtoto wa ndugu yake Bi Rahma, mchana wa Jumapili, ukumbi wa jumuiya, wanawake watupu isipokuwa wapigaji. Hita zilikuwa zimeharibika na watu walikaa na makoti juu ya hariri. Harufu ya udi ilichanganyika na ya nepi za watoto na ya kuku wa kukaanga aliyepoa. Zuhura alikuwa amevaa gauni la kijani nililomkatia kitambaa mimi mwenyewe dukani, na alikuwa amepaka hina mikononi, kwa sababu alikuwa anahesabu kwamba inayofuata ni yake. Tulikaa nyuma. Bi Rahma alikuwa mbele, dhahabu shingoni, ametulia kama mtu aliyetega mtego na ameshika kamba.

Matumba yakaanza. Nilimwona Zuhura anatambua, uso wake ukafunguka. "Wimbo wetu huo," akasema, na kabla sijamshika mkono alikuwa ameshasimama. Alifikiri Shaame anampa zawadi, na mtu ambaye amekopesha santuri yake na kufundisha pale penye makosa ana haki ya kufikiri hivyo. Kinanda kilikwenda utangulizi mrefu, kama ulivyo kwenye santuri, na yeye akaenda nao taratibu katikati ya viti, mabega yanacheza, mikono yenye hina iko juu, noti katikati ya vidole. Wanawake waliomjua walianza kupiga vigelegele, kisha wakatazamana. Shaame aliinua kichwa, akamwona, akainama tena kwenye kinanda chake. Angeweza kuacha kupiga. Zuhura alifika mbele kabisa, akanyoosha mkono kumtunza mwimbaji, na mwimbaji akafungua mdomo:

Mikono ya kuoshea, wazee wasojiweza,
Chunguni ukiitia, nani atakayemeza?

Kicheko kilianzia meza za mbele kikaja nyuma mpaka kikanipita. Mtu akasema kwa sauti, "Kajitambua mwenyewe," na mwengine, "Tena kaja mbio." Bi Rahma aliinuka kwenye kiti chake bila haraka, akaja akasimama uso kwa uso na Zuhura, akaweka noti yake juu ya kichwa cha mwimbaji huku anamtazama Zuhura mikono. Mama wa koti la Julai alikuwa safu ya mbele yangu. Alicheka mpaka akafuta machozi, na mikono yake aliyofutia machozi ilikuwa imepasuka kwa dawa ile ile ya kuoshea, naijua, nimeiona kwa Zuhura kila siku. Zuhura hakukimbia. Alimpa mwimbaji noti yake, akageuka, akarudi kati ya viti vile vile mpaka mahali petu, akaketi, akasikiliza wimbo wote mpaka mwisho. Mikono aliiweka wazi juu ya magoti.

Kwenye treni ya kurudi nilimwambia mengi. Nilimwambia tutakwenda kwa wazee wa jumuiya, tutamwita Shaame, tutamwita Bi Rahma mwenyewe. Zuhura alikuwa anatazama giza la dirishani. Alisema jambo moja tu, "Nassor hayuko kama mama yake." Nikaona kwamba anajali hilo peke yake, na ukumbi mzima ungeweza kucheka mwaka mzima, kama yule mmoja hatacheka.

Nassor alikuja wiki iliyofuata, mchana. Zuhura alipika pilau, akaitandaza kwenye sinia, kachumbari pembeni, ndizi pembeni, akaweka mkeka juu ya lile zulia, na akanitaka nikae nao ili wasiwe peke yao. Nassor alisalimia vizuri. Alikuwa amevaa shati jeupe, na ananukia. Alisema mama amekosea, yeye hakujua, angejua asingeruhusu. Alisema kazi ni kazi. Kila alichokisema kilikuwa cha mtu mwema, na mimi nilianza kupumua. Zuhura akamimina maji akamwosha mikono, akasema, "Karibu, bismillahi."

"Nimekula kwa mama," akasema Nassor.

"Basi onja tu. Tonge moja."

Nassor alitia mkono kwenye sinia. Alichota ukingoni, upande wake, akaufinyanga ule wali vidoleni, akauinua mpaka karibu na mdomo, na pale ukasimama. Nilimwona anajaribu. Alikuwa anataka kula, ninaapa kwamba alitaka. Koo lilipanda na kushuka bila kitu ndani. Macho yake yalikwenda kwenye mikono ya Zuhura, ambayo hina ilikuwa bado haijafifia, yakarudi. Akalirudisha tonge kwenye sinia taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Nimeshiba kweli, Zuhura," akasema.

Zuhura akalivuta sinia kwetu sisi wawili. "Kula, shoga," akaniambia. Tukala. Nilikula kila alichokisogeza kwangu, nyama, viazi, mpaka lile tonge la Nassor lililofinyangwa na kuachwa, nalo nililila, mimi mtu wa kijiko changu mkobani. Nassor alikaa pale hadi tukamaliza, kwa sababu adabu ilimzuia kuondoka. Zuhura akanawa, akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kitambaa mbele yake. Hakulia na wala hakumlaumu. "Mwambie mama yako ahsante kwa wimbo," akasema. "Bila yeye ningekuja kujua nimeshazaa."

Mlango wa chini ulipofungwa nilikimbilia bafuni. Sikuwahi kufika kwenye choo. Kila kitu kilitoka, pilau na kinyaa cha wiki nzima, kwenye sakafu, kwenye gauni langu, na mimi nimepiga magoti chini ya ule ukungu mweusi nikiona haya hata kuinua uso. Nikasikia miguu yake. Nikamwambia asiingie, usinitazame, ngoja nitasafisha mwenyewe. Zuhura aliingia akapiga magoti kando yangu, akanishika paji la uso ili kichwa kisianguke, akangoja nikamaliza, kisha akanifuta mdomo kwa kiganja chake kitupu, na uso wake haukukunjamana hata kidogo.